Suruali ya Kiangazi ya Mama Barafu

Anayemwona Mama Barafu kwa mara ya kwanza huanza na suruali yake. Jua liko utosini, lami imelainika, kila mtu barabarani amepunguza nguo hadi mpaka wa adabu, naye yuko juu ya pikipiki amevaa suruali ndefu iliyofika hadi kwenye viatu. Boksi la vifaa limefungwa nyuma yake, na uso wake umetulia kama wa mtu aliyekaa chini ya feni. Wapita njia humhurumia. Hawajui kwamba suruali ile ilitafutwa kama mchumba.

Kazi yake ni kutengeneza friji, na ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Barafu. Ni kazi yenye dhihaka ndani yake: baridi ni ya wateja, jasho ni lake. Joto likipanda friji huanza kulegea moja baada ya nyingine, na simu yake hailali. Asubuhi yuko kwenye bucha, mchana kwenye duka la dawa, jioni kwa mtu ambaye maziwa yake yameanza kuchacha. Akifika hupiga magoti nyuma ya friji, huisikiliza kompresa, kisha hutumbukiza ndani kipimajoto chake chenye waya mrefu.

"Usiamini taa," huwaambia wateja. "Taa inawaka vizuri, nyama inaoza vizuri."

Kiangazi kilichopita joto lilimshinda. Aliitupa jinzi yake ya kazini akavaa suruali ya pamba, nyepesi kama pazia. Siku chache baadaye tairi ya mbele iliteleza kwenye kokoto zilizomwagika kwenye kona, na Mama Barafu akaburuzwa kidogo tu barabarani. Alipoinuka, kitambaa cha goti hakikuwepo, na ngozi iliyokuwa chini yake haikuwepo pia. Mifupa ilisalimika, lakini kwa sehemu kubwa ya msimu hakuweza kupiga magoti, na friji hazitengenezwi kwa kusimama. Kidonda kilipona. Kilichokataa kupona ni hofu ya mama yake.

Mama huyo ni mzee mwenye fimbo mkononi na ulimi usiohitaji fimbo. Wawili hao wanaishi pamoja kwenye vyumba viwili na baraza. Mdogo wa mzee huyo, ambaye Mama Barafu humwita mama mdogo, anaishi juu kilimani. Mvua zilikula barabara ya huko, magari yanageuzia chini, na kinachopanda ni pikipiki peke yake. Miguu ya mama mdogo haiwezi tena kuteremka. Kwa hiyo dada hawa wawili huonana kwa simu. Kila jioni hubishana ni nani aliye kiziwi zaidi, na baada ya kukata simu mzee huendelea kuishika mapajani.

Mzee alikuwa amekubali kupelekwa kilimani kwa pikipiki, ndipo binti yake akaanguka.

"Mama, nitakupeleka taratibu," Mama Barafu alimbembeleza.

"Si ulisema siku ile ulikuwa unaenda taratibu?"

"Zilikuwa kokoto, mama."

"Na huko kilimani wametandika mazulia?" Mzee akagonga fimbo sakafuni. "Sikiliza, mwanangu. Siku nitakapoona umevaa kitu cha maana magotini, na umekivaa mchana jua likiwaka bila kukivua, siku hiyo nitapanda. Nakujua wewe. Asubuhi utavaa ili nikuone, saa sita utakikunja ukiweke kwenye boksi."

Mama Barafu hakubisha, kwa sababu ndivyo ambavyo angefanya. Alipiga moyo konde. Hakuwa anatafuta suruali ngumu, maana ngumu zilijaa madukani. Alitaka ambayo ingemlinda na bado imwache apumue, ambayo angeweza kuivaa sebuleni kwa watu bila kuonekana kama askari wa vita, na ambayo hangekuwa na sababu ya kuivua.

Alikwenda kwenye duka la vifaa vya pikipiki akiwa na kipimajoto chake. Muuzaji, kijana mchangamfu, alimwonyesha kwanza ya ngozi.

"Hii, mama, ukianguka inaumia lami."

"Na nisipoanguka utaniokota nimeiva. Nyingine."

Akaletewa jinzi nene ya kawaida. Aliisugua kwa kidole gumba, akaitazama kwenye mwanga, akatikisa kichwa. Ilikuwa na sura ya ukali tu. Kokoto zingeipitia kama ile ya pamba, labda kwa kuchelewa kidogo. Ya tatu ilikuwa ya kitambaa cha wavu, yenye zipu za kuingiza hewa mapajani. Mama Barafu aliivaa, akatia ncha ya kipimajoto mfukoni na kutaka kwenda kuijaribu juani.

"Mama, unaipima homa?"

"Naipima kama friji. Nizunguke mtaa mmoja nirudi."

Muuzaji hakuwa mjinga. Akapanda nyuma ili suruali isitoroke.

Waliporudi kijana alikuwa hoi kwa kicheko, maana njiani suruali ilivimba kama puto. "Hewa inaingia, haina pa kutokea," alisema Mama Barafu. "Friji ya namna hii ningemrudishia mwenyewe."

Ya nne ilikuwa jinzi nyepesi ambayo mtu angeivaa hata kwenda kusalimia wakwe. Ndani yake ilikuwa na tabaka la kitambaa kigumu palepale mwili unapogonga chini, yaani makalioni, kwenye nyonga na magotini, pamoja na mifuko ya magotini yenye vikinga vigumu. Kwingine kote ilikuwa nyembamba, na nyuma ya magoti kulikuwa na matundu madogo ya kutolea hewa. Walizunguka tena. Kipimajoto kilipanda kidogo, kikasita, kikatulia. Alisimama mbele ya kioo cha duka, akavigusa vikinga, akaona vimekaa sawasawa kwenye magoti. Akaichukua.

Nyumbani mzee alikuwa barazani.

"Geuka," aliamuru. "Sasa panda pikipiki. Kaa kama unaendesha."

Mama Barafu akakaa. Mzee alijikokota hadi alipo, akainama, akabonyeza kwa kidole. Kisha akabonyeza chini kidogo.

"Hiki kigumu kiko pajani. Goti lako hili hapa, liko wazi, linanitazama."

Ilikuwa kweli. Mtu akikaa, suruali hupanda, na vikinga hupanda nayo. Mwanamke ambaye hakuwahi kuiamini taa ya friji alikuwa ameamini kioo cha duka. Alipima joto akiwa juu ya pikipiki, magoti akayapima akiwa amesimama. Mzee alirudi ndani taratibu.

Mama Barafu hakuliacha jambo hilo lilale. Jioni ileile alisukuma pikipiki hadi kibarazani kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili.

"Kwa hiyo nikupime ukiwa juu ya hilo dude?" fundi alishangaa.

"Ndiko ninakoishi, fundi. Leta chaki."

Fundi alipima akiwa amepiga magoti kibarazani, akilalamika kwamba tangu ajifunze kushona hajawahi kumpima mteja mwenye breki. Mifuko ya vikinga ikafumuliwa na kushushwa. Kesho yake Mama Barafu akisimama alionekana kama magoti yamemdondoka, na mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini alipokaa kwenye pikipiki na kidole kile kikaja tena kubonyeza, kiligonga kigumu.

"Haya," mzee alisema. "Tuone na jua."

Jua likaja kwa hasira zake zote. Kila mchana mzee alikaa barazani akisubiri muungurumo wa pikipiki. Siku moja wasiwasi ulimzidi, akampigia simu mwenye bucha aliyekuwa akitengenezewa friji.

"Binti yangu amevaa nini?"

"Suruali, mama."

"Ya namna gani?"

"Mama, mimi nimeangalia friji tu!"

Kuivaa hakukuwa lelemama. Palikuwa na saa za mchana ambapo hata nyembamba ilikuwa nzito, na boksi la vifaa lilikuwa pale nyuma, na hakuna aliyekuwa akimwona. Hakuivua. Uhodari wake ni wa namna hiyo, usio na wa kuushangilia. Kila asubuhi alifunga zipu, na suruali haikutoka mwilini mpaka jioni.

Mchana mmoja mkali kuliko yote alipita nyumbani kunywa maji. Mzee alimwita karibu, akamgusa nyuma ya goti.

"Jasho lipo."

"Lipo, mama. Mimi si friji."

"Lakini hukuivua."

"Sikuivua."

Mzee aligonga fimbo sakafuni. "Basi mwambie yule fundi aje anipime na mimi."

"Wewe, mama?"

"Ulidhani nitapanda na gauni? Magoti yangu niliyaokota?"

Alipimwa uani, juu ya pikipiki iliyosimamishwa imara, huku majirani wakichungulia na yeye akimwonya fundi kwamba isimbane tumboni. Jioni alipiga simu kilimani akaripoti habari yote. Mama mdogo alicheka mpaka simu ikamwanguka.

"Usije bila hiyo suruali," alisema alipoiokota. "Nataka kuiona hiyo kwanza, wewe baadaye."

Suruali ya mzee, yenye vikinga kama ile ya binti yake, imebaki kupindwa miguuni tu. Fundi ameahidi Ijumaa, na safari ni Jumamosi alfajiri, kabla jua halijachangamka. Mama Barafu amekwisha kuwatangazia wateja kwamba siku hiyo friji zijipoze zenyewe. Amekagua breki, akazikagua tena. Kule juu, mama mdogo amehamishia kiti chake nje, kinatazama njia. Na mzee, kila akimaliza chai, huivaa kofia ngumu ya abiria, hukaa nayo barazani kama anayesubiri kuitwa, na kuuliza:

"Leo ni siku gani?"

"Jumatano, mama."

"Bado tu Jumatano?"