Mvinyo Niliouokoa

Mimi ni mpishi wa nyumba ya wageni hapa Ifakara, na tangu juzi nikimwona bosi wangu, Mama Agnesi, naangalia chini. Alileta mtaalamu awafundishe wahudumu kuonja mvinyo mwekundu mkali na kuchagua chakula cha kuendana nao. Mimi nilichelewa buchani. Niliporudi, nikakuta mezani bakuli la mvinyo limejaa hadi nusu. Nikajisemea, watu hawa hawajui uchungu wa vitu! Nikaumimina wote kwenye nyama.

Walikula wakajilamba vidole. Mama Agnesi aliongeza mara mbili.

"Dada, umetumia mvinyo gani?" mtaalamu akauliza.

Nikajibu kwa maringo, "Ule mliobakiza kwenye bakuli."

Mama Agnesi akaacha kutafuna.

"Dada," mtaalamu akasema taratibu, "bakuli lile tulikuwa tunatemea."