Mdomo wa Bikira Mlangoni

Watu wakilitaja kanisa letu la Temeke husema lilijengwa na Padri. Thubutu! Padri alileta saruji na miwani yake. Mawe tuliyabeba sie wanawake vichwani kutoka pwani ya Kurasini, na ukumbi wa kando, ule wa kwaya na michezo ya kuigiza, tuliukandika kwa mikono yetu, Mwingereza bado anatawala.

Mie nilikuwa nimetoka kusini na mume wangu, mchonga vinyago, na watoto wawili, na ndonya yangu mdomoni. Kwetu mwanamke hutobolewa mdomo wa juu akatiwa kipande cha mti, na ndiyo heshima yake. Temeke wakanicheka. Wasichana wa kisimani walibenua midomo kunikejeli, na shikamoo hawakunipa hata siku moja. Niliumia, sitawadanganya. Nikawa naficha mdomo kwa upindo wa kanga.

Mume wangu akapewa kazi ya mlango mkubwa wa kanisa, amchonge Bikira Maria na mwanawe juu ya mbao za mninga. Siku ya kuufunua tukakusanyika wote, na wale wa kisimani wamo. Loo! Bikira ana ndonya. Na uso ni wangu mtupu, mpaka kovu la nyusi.

Padri akawaka. "Kiondoe hicho mdomoni. Jumapili askofu anakuja kufungua kanisa. Kikibaki, mlango huu ni kuni."

Mume wangu hakuliona kosa lake kabisa. "Padri, Mama wa Bwana nimwache mdomo mtupu, kama mtu asiye na kwao?"

"Kiondoe."

Basi mume wangu alikuwa mpole, upole ulionikera maisha yangu yote. Akainama, akaokota patasi.

Jamani, nilipandwa na hasira! Nilijua patasi ikigusa pale, sitainua uso tena Temeke nzima. Nikashusha kanga mabegani, nikajipenyeza kati yake na mlango.

"Mkataa kwao mtumwa," nikamwambia. Kisha nikamgeukia Padri. "Padri, mdomo huu unaulisha komunyo kila Jumapili pale ukumbini. Kama haufai, mwambie mume wangu aanze na huu."

Padri akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona.

"Uacheni mlango," akasema, akaingia ndani.

Askofu alikuja, akapita pale pale, akabariki. Watu nao wakajizoesha kumgusa Bikira mdomoni kabla ya kuingia, iwe misa, iwe mchezo wa kuigiza.

Mwaka uliofuata mmoja wa wale wasichana wa kisimani alileta mwanawe kubatizwa. Mlangoni akamwinua mtoto, akakishika kidole chake, akakigusisha kwenye ndonya. Halafu akaniona nimesimama nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikaitikia, kanga yangu iko begani.