Nyumba ya Mbambu Nyuma ya Hoteli

Mbambu wa Nyakiyumbu alikuwa dobi katika hoteli ya watalii, njia ya kwenda mbugani Mweya, na mimi Kabugho ndiye niliyepiga pasi. Wageni walikuja kuona tembo, wakalala kwenye vitanda vya springi. Sisi tuliowafulia mashuka tulilala stoo, juu ya magunia. Mwaka wa 1968 meneja, Bwana Kosmasi, akaitaka stoo yake.

"Jengeni wenyewe huko nyuma," akasema. "Mwezi ukiisha bila nyumba, huna pa kulala, na kazi basi. Na ukiacha kazi, nyumba inabaki ya hoteli."

Jamani! Mbambu alikuwa mjane, na kazi ile ndiyo iliyowalisha wanawe. Mimi nilifoka mpaka sauti ikakauka: anayekula faida ya watalii ndiye ajenge! Mbambu akacheka tu, akatuma ujumbe kwao.

Jumamosi shemeji zake wakaja na miti, nyasi na kamba, wakiongozwa na Kakule, wa ng'ambo ya mpaka pale Mpondwe. Majirani nao wakaungana nao. Kwetu pale mjenzi halipwi, hulishwa, na anayemlisha ndiye mwenye nyumba. Hilo hata mtoto analijua. Adhuhuri kuta zilikuwa zimesimama. Mbambu akawachukua wote, matope mikononi, hadi mlango wa jiko la hoteli.

"Bwana meneja, wajenzi wako wana njaa."

"Wangu? Tangu lini?"

"Si ulisema nyumba ni ya hoteli?"

"Batu beko na njala, patron," Kakule akadakia kwa Kiswahili cha kwao: watu wana njaa, bosi.

Wageni mezani wakaacha kula, wakageuka kutazama. Kosmasi akavimba kwa hasira.

"Nyumba ni yako, mama! Walishe mwenyewe!"

"Mmesikia?" Mbambu akawauliza wenzake.

"Tumesikia!"

Kumbe bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na samaki vilikuwa tayari tangu asubuhi! Watu wakala wakashiba. Mimi nilinuna. Nikamwambia amembebea tajiri mzigo wake.

"Akinijengea, atanitoa," akanijibu. "Wewe ngoja nyumba ya kwake."

Nikangoja, nikilala kwa majirani. Mwaka uliofuata hoteli ikatujengea kweli sisi wengine, vyumba vya bati, nami nikamtania Mbambu na nyasi zake mpaka nikachoka.

Kisha ikaja enzi ya jeshi, watalii wakakatika, hoteli ikafungwa. Kosmasi akaja na askari, tukatolewa nje na mikeka yetu na watoto wetu. Walipofika kwa Mbambu, askari akauliza, "Hii nayo ya hoteli?"

Kosmasi akafungua kinywa. Majirani waliokula siku ile walikuwa wamejaa uwanjani, wanamtazama yeye tu.

"Hapana, afande," akasema. "Hiyo ni yake."

Mimi bado nasema tajiri ndiye alipaswa kulipa, na nitasema mpaka naingia kaburini. Jioni ile pia nilisema, tena kwa sauti, nimeketi ndani kwa Mbambu, na wanangu wamelala kwenye kitanda chake.