Fundi wa ekzosi Kitengela asiyekata tena bomba fupi

Saa mbili asubuhi, Mwololo Kivuva amelala chali juu ya gunia, chini ya Datsun ya mwaka 1972. Anagonga bomba la moshi kwa kidole na kusikiliza. Anasogea kidogo, anagonga tena. Kisha anajivuta nje, anajipangusa kutu usoni na kumtazama mwenye gari, kijana aliyetoka nayo Rongai alfajiri.

"Sauti nitakupatia," anamwambia. "Lakini bomba litafika nyuma, lipite bampa. Hapa katikati sikati."

"Fundi, mimi nataka ilie. Nikiwa Isinya, watu wa Kitengela wajue nakuja."

"Italia. Moshi utoke nyuma, basi."

"Kwa Wanyoike wanakata tu hapa chini ya mlango. Saa moja umemaliza."

"Nenda kwa Wanyoike."

Kijana anapanda gari na kuvuka barabara ya Namanga. Muda si mrefu cheche zinaonekana katika karakana ya Wanyoike. Mwololo anakunja gunia lake. "Huyo ni wa tatu wiki hii," anasema. Hakasiriki. Anasema kama mtu anayesoma kalenda.

Ana umri wa miaka hamsini na mbili. Alizaliwa Mwala, akajifunza kuchomelea vyuma Nairobi, na mwaka 1988 akaja Kitengela wakati mji ulipokuwa maduka machache na vumbi. Kazi yake ilikuwa mageti na vitanda, hadi siku moja mtu alipomletea Volvo kuukuu iliyokuwa ikikohoa. Mwololo aliifungua sailensa, kopo la kupunguza mlio, akaijaza upya pamba ya chuma, akabadilisha urefu wa bomba, na gari likatoka likinguruma chini chini.

Tangu hapo wenye magari ya kizamani wakawa wanamtafuta. Walitoka Karen, Ngong, hata Nakuru. Kufikia mwaka 1996 alikuwa akiunda ekzosi tatu kwa wiki, kila moja shilingi elfu nne. Siku hizi akipata moja kwa wiki anashukuru.

"Watu wanafikiri sauti ni kelele," anaeleza. "Kelele hata debe iko nayo. Sauti nzuri inatoka kwa bomba refu, lenye unene wa kufaa hiyo injini. Ukikata fupi unapata kelele na moshi."

Hilo alilijua hata Novemba 1997, na ndilo linalomuuma.

Mwezi huo Lemayian, mfugaji wa hapa Kitengela aliyekuwa ameuza sehemu ya shamba lake, alimletea Peugeot 404 ya mwaka 1967, rangi ya maziwa. Ilikuwa gari la kwanza katika ukoo wao. Lemayian alitaka lisikike. Alionyesha kwa mkono mahali pa kukata: chini ya kiti cha nyuma.

Mwololo aliinua kapeti. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, kidole chake kikapita hadi upande wa pili.

"Nikamwambia, mzee, bomba likiishia hapa moshi utaingia ndani. Akaniambia, 'Mimi nitafungua madirisha. Wewe kata.'"

Akakata.

Kwa nini? Mwololo anachuna kutu kwenye ukucha. "Singesema ni njaa. Kazi ilikuwa mingi wakati huo. Hata mimi nilitaka kusikia. Hiyo injini ilikuwa na sauti tamu. Nilipomaliza akaiwasha, soko lote likageuka. Nikafurahi. Hiyo ndiyo sijaweza kusahau, ya kwamba nilifurahi."

Wiki mbili baadaye Lemayian alimchukua mama yake, Nailantei, kumpeleka Oltepesi kwa dada wa mama huyo, aliyekuwa mgonjwa. Ilikuwa ile mvua ya El Nino isiyokatika. Kiti cha mbele kilibeba magunia ya sukari na unga, kwa hiyo mama akakaa nyuma, amejifunika shuka, madirisha yote yamefungwa isipokuwa kidirisha kidogo cha pembeni, upande wa dereva.

Walipofika Kona Baridi mama alisema kichwa kinamuuma. Mwanawe akadhani ni baridi, akampa koti lake. Barabara ya kushuka ilikuwa imejaa matope na malori yaliyokwama, nao wakasubiri zaidi ya saa moja, injini ikinguruma ili wapate joto. Baadaye mama akanyamaza. Lemayian, ambaye mwenyewe alikuwa akisikia kichefuchefu, aliamini amelala.

Huko Oltepesi, dada wa Nailantei alitoka nje na fimbo yake kumpokea. Yeye ndiye aliyemgusa kwanza.

Daktari aliyepima mwili alisema ni moshi wa gari. Polisi walimkamata Mwololo akiwa katikati ya kazi na kumweka ndani siku nne. Katika maelezo yake, Lemayian alisema fundi ndiye aliyechagua mahali pa kukata, na kwamba hakuonywa. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Mwololo aliachiliwa bila kushtakiwa, lakini mji ulikuwa umeshaamua.

"Nilikuwa naenda kununua maziwa, mtu anauliza mwenzake, 'Si huyu ndiye aliua mama ya Lemayian?'" anakumbuka mkewe, Ndulu. "Wanasema nikiwa hapo hapo. Kanisani benchi yetu tulikuwa tunakaa sisi peke yetu."

Mwenye kiwanja cha karakana, jamaa wa Lemayian, alimtaka Mwololo ahame kabla ya Krismasi. Kwa miaka mitatu alibeba mifuko ya saruji Athi River kama kibarua. Aliporudi Kitengela mwaka 2001, wateja wa zamani walikuwa wamepata mafundi wengine, na yeye alikuwa ameweka sharti lake. Halina punguzo: bomba lipite bampa, na sakafu yenye tundu izibwe kwanza. Wengi husikiliza nusu, kisha huvuka barabara.

Wanyoike, fundi wa ng'ambo, haoni ubaya. "Mwololo ni mwalimu wetu, hiyo nakubali," anasema. "Lakini mteja ndiye anaamua. Mimi nikikataa, si ataenda kwa mwingine?"

Mwaka juzi, Mwololo alikutana na Lemayian kwenye mnada wa mifugo Kajiado. Walikuwa hawajasemezana kwa miaka sita, tangu msiba ule. Mwololo anasema alimshika mkono na kumuuliza swali moja: anakumbuka siku ile ya kapeti?

"Akaniambia, 'Nakumbuka. Uliniambia.' Nikamwuliza, sasa mbona hukusema? Akageukia ng'ombe wake. Akasema, 'Mwololo, nikisema hivyo kwa ndugu zangu, nitakuwa mimi ndiye nilimuua yeiyo, mama yangu. Wewe unaweza kuhama. Mimi nitahamia wapi?'"

Kisha akaenda zake kulipia dume.

Nilipompigia simu Lemayian, alisikiliza hadi mwisho. "Hiyo mambo iliisha," alisema kwa upole, akakata.

Ndulu hataki kusikia jina hilo nyumbani. Anaamini mumewe amebeba mzigo wa watu wawili, na kwamba akiongea zaidi ataongezewa. Ndiyo maana wamekosana juu ya mpango wake wa mwezi ujao.

Mwololo anataka kwenda Oltepesi. Yule dada wa Nailantei bado yuko hai, mkongwe sasa, na hajawahi kuelezwa na mtu yeyote jinsi mambo yalivyokuwa. Alimwomba Lemayian waende pamoja, hajajibiwa. Amemwomba jirani yake Parsaoti, mwenye bucha, amsindikize, kwa sababu bibi huyo hajui Kiswahili na Kimaa cha Mwololo ni cha salamu tu.

"Unaenda kupigwa bure," Ndulu anamwambia mbele yangu. "Wewe ulimwonya. Useme ulimwonya."

"Kumwonya ni mambo yangu na Lemayian. Yeye atasema akitaka."

Parsaoti ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kofia magotini. Anauliza hasa anatakiwa kutafsiri nini, maana kwa mtu mzima kama yule maneno lazima yapangwe.

Ng'ambo, ile Datsun inawashwa, na mlio wake unajaza barabara hadi wote watatu wanasubiri upite.

"Mwambie mimi ndiye nilishika msumeno," Mwololo anamjibu. "Mwambie niliona tundu, na nikakata. Halafu unyamaze, tuone kama atatukaribisha ndani."