Bisibisi ya Sikioni

Bisibisi ndefu ya fundi haikai sandukuni na vifaa vingine. Ina kitambaa chake safi. Gari likiletwa, fundi hugusisha ncha yake kwenye injini inayonguruma, mpini huutia sikioni, kisha hufumba macho kama mtu anayenong'onezwa siri. "Gari halidanganyi," huwatania wateja. "Mwongo ni mwenye gari." Lakini mkwewe, anayempelekea chai kila asubuhi na mtoto mgongoni, ameona kwamba siku hizi baba mkwe huwatazama watu midomo, na salamu za nyuma yake humpita hivi hivi.

Leo mteja amezima gari ili apokee simu. Fundi yuko vilevile, ameinama, bisibisi sikioni, na lori lililowashwa pembeni linatikisa sakafu mpaka kikombe kinacheza kwenye kisahani.

"Nimeshaisikia," anasema. "Beringi ya mbele hiyo."

"Fundi, mbona nimezima?"

Fundi anaendelea kusikiliza. Mteja anamtazama mkwe. Mkwe anaitazama chai. Fundi anapojiinua, mteja anafunga boneti taratibu, anamshika bega. "Nitarudi kesho, mzee." Anaondoka na gari lake.

Mtoto anaangua kilio, kile ambacho miezi michache tu iliyopita kilimtoa babu yake mbio chini ya gari, mikono imejaa grisi. Mama yake hambembelezi. Anamwacha alie, akisubiri babu ageuke. Babu amewapa mgongo, anaivingirisha bisibisi kwenye kitambaa chake, polepole, kona kwa kona.