Makofi ya Nyakitonto

Juzi, kwenye mkutano mjini Kasulu, mgeni rasmi alisema tumekubali mpango wake kwa sababu tulimpigia makofi. Nikamkumbuka bibi yangu, mchana mmoja wa utoto wangu kijijini Nyakitonto, hewa ikinuka ndizi mbivu na moshi wa nyasi.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa, na katibu wa chama alikuja kututaka tuhame milimani, tukaishi kijiji kipya kando ya barabara. Aliposalimu, wazee walipiga makofi polepole, kama sisi Waha tunavyoitikia salamu. Akatabasamu, akafungua daftari.

"Asanteni. Naandika kwamba wote mmekubali."

Bibi akasimama. "Mwanangu, hiyo ilikuwa salamu. Swali bado hujatuuliza."

"Mama, serikali ni wananchi wenyewe."

"Basi andika wananchi wamekataa."

Watu walicheka. Katibu akafunga daftari bila kuandika neno. Mimi nilidhani serikali yote ilikuwa ndani ya daftari lile, na kwamba bibi ameishinda.

Baada ya mavuno, lori lilikuja kutuhamisha. Mgambo wanne walimbeba bibi pamoja na kigoda alichokalia, kwa kuwa hakukubali kuwapa hata hatua moja ya miguu yake.