Chale za Bibi Tekla

Usiku ule nililala na hasira kama mtu aliyemeza kaa la moto. Mchana Mjomba Damasi alikuja kwenye kibanda changu cha picha, hapa Masasi, kuchukua picha ya mama yake, yaani Bibi Tekla aliyenilea. Ilikuwa ya kuwekwa mbele ya watu Jumapili, kwenye arobaini yake.

"Huyu mama au kitako cha sufuria?" akauliza, wateja wakacheka.

Alisema kweli. Printa ilimwaga wino, zile nukta zinazounda picha zikavimba zikagusana, uso ukawa doa jeusi. Nikapunguza weusi kwenye kompyuta, nikachapa tena. Sasa Bibi akatoka amepauka kama kapakwa unga, mashavu matupu, chale zake zote hazipo. Nikataka kuichana. Mjomba akaidaka.

"Hii hii! Na hizo chale zilizofutika, afadhali. Wakwe zangu wanatoka Dar, sitaki waone mambo ya kizamani."

Nikanyamaza. Mimi, na mdomo wangu wote huu, nikanyamaza kwa sababu ni mjomba.

Sijui usingizi ulinipitia saa ngapi, mtoto akiwa kifuani. Nikajiona niko kibandani, mchana kweupe, na Bibi kakaa kwenye kiti cha wateja. Uso wake ni ule wa kwenye picha, laini, hauna kitu. Anaushika huku na huku.

"Nani kaniosha?"

Nataka kumtaja Mjomba. Ulimi unagoma. "Ni mimi, Bibi."

"Wewe! Nimekulisha kwa jembe langu mpaka ukamaliza kidato cha nne, ili uje unifute?"

Mwanangu yuko mapajani mwake. Bibi alipokuwa hai, mtoto huyu hakusinzia mpaka vidole vyake viguse zile chale. Sasa ananyoosha mkono, anagusa shavu, anatafuta, hapati. Anamtazama Bibi kama anavyotazama mgeni.

Nikageuka, tukawa uani kijijini. Bibi ni binti mdogo, kichwa chake kwenye mapaja ya mwanamke nisiyemjua mwenye kisu chembamba. Mimi nimeshika kibakuli cha masizi ya mbegu za mbarika, ya kutia weusi kwenye chale. Mwanamke anachanja kidogo, anatia masizi chembe, anangoja. Anachanja tena, anangoja. Mimi nina haraka, nainamisha kibakuli nimwage yote.

"Acha!" Ni sauti ya Bibi mzee, katika kinywa cha yule binti. "Ukimwaga yanaungana, nabaki na kidonda. Huyu hanipaki. Ananidonoa."

Nasogea. Nasogea mpaka shavu lake linakuwa pana kama uwanja, na ni karatasi, na juu yake kuna nukta ndogo kuliko mayai ya chawa. Zilipokaribiana ni kivuli. Zilipoachana ni mwanga. Na katikati chale zimesimama, mstari kwa mstari, hakuna uliozama.

"Nilivumilia bila kutoa chozi," anasema. "Damasi anaona haya gani nisiyoona mimi? Mwambie Jumapili nakuja na uso wangu, la sivyo siji."

Mtoto akalia. Nikazinduka, alikuwa analia kweli, na kulikuwa kumekucha. Nikamnyonyesha kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikapiga simu.

"Shikamoo, Mjomba. Nimetumwa."

"Marahaba. Na nani asubuhi hii?"

"Na mama yako. Anasema anakuja na uso wake, la sivyo haji. Jana nilikosea, nilipunguza weusi wake. Cha kupunguza ni wino. Leo nachapa kwa nukta ndogo, polepole, kwenye karatasi nzuri, na chale zote zitaonekana. Wakwe zako wakiona haya, wafumbe macho."

"Unajua unaongea na nani wewe?"

"Najua. Naongea na mtu aliyefurahi mama yake kufutwa uso."

Nikangoja matusi. Hayakuja. Mjomba akakohoa.

"Alinitaja kwa jina?" akauliza, taratibu.

"Alikutaja."

Sikumpoza hata kidogo. Nikakata simu, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda kuwasha printa.